Talaka ya wenye mali nyingi: jinsi ya kuhesabu, kuthibitisha na kugawana (Tanzania Bara)

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni mhasibu, si wakili, na kazi yangu kwenye talaka za watu wenye uwezo ni moja tu: kusema kuna nini, kina thamani gani, na nani alikichuma vipi. Mara nyingi mume anakuja akisema "kila kitu changu" na mke anakuja akisema "nataka nusu". Nikiuliza nusu ya shilingi ngapi, hakuna anayejua. Mume anajua malori lakini hajui madeni, mke anajua nyumba lakini hajui hisa. Ugomvi wa miaka mitatu mahakamani huanzia hapo, na wanaoumia mwanzo ni watoto na wafanyakazi wa biashara.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika kwa ndoa zote, za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani. Zanzibar ina utaratibu wake. Soma hatua zote kabla ya kuanza, halafu mtafute wakili wa ndoa umpelekee kabrasha lililopangika.

Hatua ya 1: Zuia mali isikimbie, na wewe usiikimbize

Kabla hujamwambia mtu yeyote neno talaka, nakili karatasi. Piga picha za hati, kadi za magari, taarifa za benki, mikataba ya pango, hesabu zilizokaguliwa, risiti za kodi. Anza na karatasi zilizomo nyumbani kwenu. Za ofisini, ambazo huna mamlaka nazo, usizichukue kwa wizi. Mahakama ina uwezo wa kumwamuru mwenzako azilete, na wa kumwita ofisa wa benki aje na taarifa za akaunti.

Nyumba mnayoishi ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kutoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenye maslahi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Weka mapema. Kwa mali nyingine, wakili ataomba amri ya zuio la muda mara tu shauri likifunguliwa, ili magari yasiuzwe na hisa zisihamishwe kesi ikiendelea.

Na wewe uliye na jina kwenye hati, usijaribu kuhamishia kiwanja kwa kaka yako wiki hii. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kila mara tarehe ndiyo iliyowaumbua. Uhamisho uliofanyika siku kumi baada ya ugomvi hauhitaji shahidi mwingine.

Hatua ya 2: Baraza la usuluhishi

Huwezi kufungua maombi ya talaka bila kupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yenu, na kupata hati inayosema usuluhishi umeshindikana. Kuna hali chache ambazo sheria inaruhusu kuliruka, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo. Kesi kubwa kabisa imewahi kufutwa kwa sababu hati hii ilikosekana au ilijazwa vibaya, hivyo isomeni kabla hamjaondoka pale. Baraza haligawi mali. Likianza kuwagawia viwanja, shukuruni kwa heshima, chukueni hati, mwondoke.

Kumbuka pia kwamba mgawanyo huja na hukumu ya talaka au ya utengano, au baada yake. Mahakama haigawi mali ya watu ambao ndoa yao bado iko palepale.

Hatua ya 3: Andika kila kitu, halafu uliza kimoja kimoja kilikotoka

Chukua daftari kubwa. Kila mali ipewe ukurasa wake: jina lililoko kwenye hati, tarehe ya kununuliwa, bei, fedha ilitoka wapi, nani alisimamia, kuna deni gani juu yake. Usiruke vitu kwa kuwa viko kwa jina la mtu mwingine au havina hati. Shamba la Kibaha lenye mkataba wa mauziano na mhuri wa serikali ya mtaa tu ni mali. Mifugo iliyoko kwa mjomba ni mali. Hisa kwenye kampuni ya rafiki ni mali.

Kisha panga kwa chimbuko. Ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa kitu ulichokuwa nacho kabla. Kinachogawanywa chini ya kifungu cha 114 ni mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Lakini kifungu hichohicho kina mlango ambao wengi hawauoni: mali ya kabla ya ndoa ikiboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine, au na ninyi wawili, inaingia kwenye mgawanyo. Kiwanja cha Sinza alichokuja nacho mume kikiwa na banda la mabati, leo kina nyumba ya wageni ya vyumba 18 mliyoijenga pamoja. Kiwanja alikuja nacho, lakini vyumba 18 vilipatikana ndani ya ndoa. Urithi na zawadi vifikirie kwa njia hiyohiyo.

Jina kwenye hati ni dhana tu, nayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kitu kikiwa kwa jina la mmoja, mahakama huanza na dhana kwamba ni chake. Kikiwa kwa majina ya wote wawili, huanza na dhana kwamba mna haki sawa. Kikiwa kwa jina la mama mkwe, itabidi aunganishwe kwenye shauri asikilizwe, maana mahakama haiwezi kumnyang'anya mtu asiyekuwepo.

Kwa nyumba za mitala swali la tarehe ndilo kila kitu. Mke wa kwanza aliyeanza na mume kwenye genge la mkaa na mke wa pili aliyemkuta na godauni tatu hawasimami mahali pamoja juu ya godauni hizo.

Hatua ya 4: Kampuni

Hapa ndipo wenye mali hupoteana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni mtu kisheria. Malori yaliyoandikwa jina la kampuni ni ya kampuni, si ya mume wala ya mke, hata kama mume ndiye anayeshika funguo. Kinachogawanywa ni hisa, au thamani ya hisa. Usiende mahakamani kuomba malori sita kati ya kumi na mawili. Wakili wa upande wa pili atasimama na jambo hili moja na ombi lako litaanguka. Omba hisa, au fedha inayolingana na hisa.

Fanya upekuzi wa kampuni BRELA uone wanahisa, wakurugenzi na mabadiliko ya karibuni. Wake wengi hugundua hapo kwamba wana hisa 10 kati ya 100 walizosainishwa mwaka ambao hawaukumbuki. Wengine hugundua kwamba walikuwa nazo.

Thamani sasa. Usichukue mizania ya kampuni, yaani orodha ya mali na madeni yake, ukafikiri umepata jibu. Kwa sheria ya kodi ya mapato, malori makubwa hushushwa thamani kwa asilimia 25 ya kinachobaki kila mwaka. Lori lililonunuliwa kwa shilingi milioni 100, baada ya miaka mitano vitabu vya kodi vinasema lina milioni 23.7. Nenda nalo yadi uone utapewa ngapi. Kwa upande mwingine, mizania inaweza kuonyesha wateja wanadaiwa milioni 150 wakati milioni 50 kati ya hizo ni za mteja aliyefunga ofisi zamani. Kwa hiyo magari na majengo yapimwe na mthamini aliyesajiliwa, na wadaiwa wapitiwe jina kwa jina.

Mahali pa kuchungulia kwa makini:

Mkopo wa mkurugenzi. Ikiwa mume aliweka fedha zake kwenye kampuni au alichukua za kampuni, kampuni inamdai au yeye anaidai? Hii ni mali au deni binafsi, nje ya hisa.

Gharama za nyumbani zilizopitia kampuni. Ada za shule, mafuta ya gari la nyumbani, safari ya Dubai. Zikirudishwa, faida ya kweli huwa kubwa kuliko ile ya hesabu zilizopelekwa TRA. Lakini tahadhari: ukilisema hili mahakamani, umelisema hadharani, na kodi isiyolipwa ni deni la kampuni mnayotaka kuigawana.

Biashara isiyoandikwa. Kwenye usafirishaji mzigo wa kurudi hulipwa taslimu. Linganisha lita za dizeli na safari zilizoandikwa. Lori la Tunduma haliendi kwa upepo.

Mkishapata thamani, amueni nani anabaki nayo. Nasema kwa moyo wote: wanandoa waliotengana kwa uchungu wasibaki wanahisa nusu kwa nusu kwenye kampuni ndogo. Hakuna uamuzi utakaopita, benki itashtuka, madereva watachukua upande. Mmoja anunue hisa za mwenzake, hata kwa awamu.

Hatua ya 5: Hatifungani, hisa na vipande

Mali hizi zinaonekana rahisi kugawa kwa sababu zina namba. Namba zenyewe hudanganya.

Hatifungani ni karatasi ya deni: unaikopesha Serikali, nayo inakulipa riba ya kuponi kila mwaka mpaka irudishe fedha yako. Chukua hatifungani mbili za Serikali za miaka 25, kila moja ya shilingi milioni 500. Ya kwanza ilinunuliwa mwaka 2021, wakati riba ya kuponi ilikuwa asilimia 15.95. Ya pili ilinunuliwa baada ya Benki Kuu kushusha riba mwezi Aprili 2022 hadi asilimia 12.56. Mume anasema, "Chukua moja, nami nichukue moja, tumemaliza." Hamjamaliza. Ya kwanza inalipa milioni 79.75 kwa mwaka, ya pili milioni 62.8. Tofauti ni karibu milioni 17 kila mwaka mpaka itakapoiva. Thamani ya hatifungani ni bei yake sokoni siku ya mgao, si namba iliyoko juu ya karatasi. Dalali wa soko la hisa atakupa bei hiyo.

Hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam zina bei ya kila siku, ila kumbuka zipo kampuni ambazo hisa zake hukaa wiki bila mnunuzi. Vipande vya UTT AMIS, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja, vina thamani inayotangazwa, na mfuko wa Ukwasi ndio watu wengi hutunzia fedha wanazotaka zipatikane haraka. Ukitafuta fedha iliyohama kutoka benki ghafla, uliza huko kwanza.

Hatua ya 6: Thibitisha mchango wako

Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo, ielekee kwenye usawa. Kuelekea kwenye usawa si sawa na nusu kwa nusu. Asiyethibitisha kitu asishangae kupewa asilimia 20.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango unaohesabika. Uamuzi huo umewabeba wanawake wengi. Wachache hukumbuka sehemu ya pili: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mume kwa ajili ya mradi wa familia. Mchango hupimwa pande zote mbili, uliojenga na uliobomoa. Mume aliyemaliza mtaji kwa kamari naye atapimwa hivyohivyo.

Mama mmoja aliwahi kuniletea kaunta buku saba zilizofungwa kwa kamba ya katani. Hakuwa na mshahara kwenye kampuni, hakuwa mkurugenzi, jina lake halikuwa popote. Nikafungua la mwaka wa kwanza. Kila mstari kwa mwandiko wake: tarehe, namba ya gari, "Tunduma", dizeli lita 400, posho ya dereva, faini ya mizani Vigwaza, tairi mbili. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, "mteja hajalipa, nimempigia." Miaka saba, karibu kila siku, ikiwemo wiki aliyojifungua mtoto wa tatu. Nilikaa nazo siku nne nikizilinganisha na taarifa za benki, zikakubaliana. Hotuba yoyote ya wakili isingefika pale. Mume alipoziona mezani alinyamaza muda mrefu, akasema, "Hizi nilidhani tulishazitupa." Wiki iliyofuata walianza kuongea habari ya maridhiano.

Ikiwa huna kaunta buku, tafuta kingine: ujumbe wa simu kwa madereva na wateja, mkopo wa kikundi ulioingia kwenye ujenzi, risiti za simenti, mshahara wako uliolipa ada ili wa mwenzako ununue kiwanja. Hili la mwisho watu hulisahau. Anayelisha nyumba ndiye anayemwezesha mwingine kununua.

Hatua ya 7: Tenganisha mali na kipato

Mali hugawanywa mara moja. Kipato huendelea, nacho ndicho msingi wa matunzo ya watoto na, pale mahakama itakapoona inafaa, ya mwenzi. Kosa kubwa hapa ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Ukiithaminisha kampuni kwa faida inayotarajiwa, ukamlipa mwenzako hisa zake kwa thamani hiyo, halafu ukaichukua faida ileile yote kama kipato cha kukadiria matunzo yake, mwenye kampuni ametozwa mara mbili. Kwa watoto hoja hii ni dhaifu, kwa sababu wao hawakulipwa hisa.

Kipato cha mwenye kampuni usikisome kwenye mshahara wake. Anaweza kujilipa milioni mbili kwa mwezi huku faida ikibaki ndani. Tazama gawio (faida wanayogawiwa wanahisa), faida iliyobakizwa, mkopo wa mkurugenzi na gharama za nyumbani kwa miaka mitatu hadi mitano, upate wastani. Mwaka mmoja unadanganya, hasa mwaka wa ugomvi.

Hatua ya 8: Madeni na kodi

Deni la benki lililojenga nyumba ya wageni ni la wote. Deni alilokopa mmoja kwa mambo yake mwenyewe libaki naye, lakini uwe tayari kuonyesha fedha ilikwenda wapi. Benki haifungwi na makubaliano yenu: kama ulisaini dhamana, utaendelea kudaiwa mpaka benki ikutoe kwa maandishi. Pateni barua hiyo kabla ya kusaini maridhiano.

Kuuza ardhi kunakuja na kodi ya faida ya mtaji, asilimia 10 kwa mkazi. Sheria ya Kodi ya Mapato inatoa nafuu pale mali inapohamishwa kwenda kwa mwenzi au aliyekuwa mwenzi kama sehemu ya maridhiano ya talaka: anayepokea akichagua hivyo kwa maandishi, anayehamisha hahesabiwi kuwa amepata faida. Anayepokea huchukua mali pamoja na gharama yake ya zamani, na siku akiuza kodi yote itamwangukia yeye. Kwa hiyo nyumba ya milioni 600 iliyonunuliwa kwa milioni 80 hailingani na fedha taslimu milioni 600. Itoe kodi hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo. Gawio nalo hukatwa kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 10 kwa kampuni za kawaida na 5 kwa zilizoorodheshwa sokoni, jambo la kukumbuka kama mpango ni kulipana kwa kutoa gawio.

Hatua ya 9: Panga mgao unaoweza kuishi

Tuseme mmekubaliana nusu kwa nusu. Kampuni, baada ya kutoa madeni, ina milioni 840. Nyumba ya Mbezi Beach milioni 600, hatifungani milioni 500, nyumba ya wageni milioni 400. Jumla milioni 2,340, kila mmoja 1,170.

Mgao wa kwanza unaowajia watu: mke na watoto wachukue nyumba zote mbili, milioni 1,000, mume abaki na kampuni na hatifungani, aongeze milioni 170. Kwa hesabu uko sawa, ila mke amebaki na kuta nyingi na fedha kidogo. Mgao ninaoupendelea: mke achukue nyumba ya kuishi na hatifungani, 1,100, aongezewe milioni 70. Mume achukue kampuni na nyumba ya wageni, 1,240, atoe hiyo 70. Sasa kila mmoja ana kinachomwingizia, na deni la kulipana ni dogo. Hiyo 70 iwe na tarehe na dhamana, si ahadi.

Mali ya nje ya nchi iacheni kwa yule ambaye jina lake liko huko, mwingine afidiwe kwa mali ya hapa. Hukumu ya Dar es Salaam haibadilishi yenyewe jina kwenye hati ya Dubai. Kama mali iko Kenya, sheria ni nyingine: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, na Mahakama ya Juu ya huko ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja, bali mchango lazima uonyeshwe. Na kama mmoja wenu si raia wa Tanzania, kwa kawaida hawezi kumilikishwa ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji. Msimwandikie kiwanja, uzeni mgawane fedha.

Hatua ya 10: Isajiliwe, kisha ihamishwe

Maridhiano yakisainiwa, yapelekeni mahakamani yawe sehemu ya hukumu. Karatasi iliyosainiwa sebuleni mbele ya wazee ina heshima, lakini Msajili wa Hati hataipokea. Kama mahakama ndiyo iliyogawa na hukuridhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45.

Halafu kimbia na hukumu mkononi: Msajili wa Hati kwa nyumba, BRELA kwa hisa na wakurugenzi, TRA kwa kadi za magari, dalali na Benki Kuu kwa hatifungani, UTT kwa vipande, benki kwa saini za akaunti. Badilisha pia wanufaika kwenye bima na kwenye akaunti za watoto. Weka orodha, futa kimoja kimoja, na usikabidhi funguo ya kitu chochote kabla hujapewa karatasi yake.